Maji safi na salama? Neno la pili limepotelea kwenye bomba

Samahanini kwa kimya cha karibu wiki tatu. Sijaacha kuandika, sijakamatwa, wala sijaenda kugombea ubunge. Nilikuwa kusini. Nilianzia Masasi kwa kazi ya watu, nikamalizia Newala kwa kazi yangu mwenyewe, yaani kumsalimia bibi yangu mzaa mama kabla hajanitolea laana.

Kama hujawahi kufika Newala, panga ufike. Simama pale Shimo la Mungu jua linapozama, utazame bonde la Ruvuma chini yako na ardhi ya Msumbiji ng'ambo. Utaelewa mambo mawili kwa mara moja. La kwanza, nchi hii ni nzuri. La pili, maji yako mbali. Yako kule chini, na wewe uko huku juu.

Basi siku ya nne tangu nifike, saa nane za usiku, nikasikia nyumba nzima inaamka. Nikadhani wezi. Kumbe maji yamekuja! Bomba la uani lilianza kwa kukohoa, likatoa upepo, likatema maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha ya chai ya rangi, kisha yakaanza kuwa meupe. Hakuna aliyesubiri hatua ya mwisho. Ndoo, madumu, masufuria, beseni la kufulia, kila chenye mdomo kilikingwa. Ungekuwa wewe ungesubiri? Maji yalikuwa hayajatoka siku tano, na hakuna aliyejua yatakatika saa ngapi.

Asubuhi nikamuuliza bibi kama tunachemsha ya kunywa. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama tunachemsha mvua.

"Mume wangu, haya ni ya bomba. Ya bomba hayachemshwi. Serikali imeshatia dawa. Ya kisimani ndiyo tunachemsha."

Nikanywa. Sina ujasiri wa kubishana na bibi kabla ya chai.

Siku mbili baadaye mtoto wa binamu yangu, wa mwaka mmoja na miezi miwili, akaanza kuharisha. Mama yake hakusubiri, alimpeleka zahanati, wakampa ORS na vidonge vya zinki. Usiku ule hatukulala. Mtoto wa umri huo akiharisha, saa moja ni ndefu. Macho yanaingia ndani, ngozi inakuwa kama si yake, na wewe umeshika kijiko unahesabu vijiko. Leo ni mzima, anavunja vitu kama kawaida yake.

Yalikuwa maji? Siwezi kusema. Labda ilikuwa uji, labda mikono yetu, labda nzi. Hakuna aliyepima kitu. Na hapo ndipo penye hoja yangu ya leo, ndugu msomaji: hakuna aliyepima, na kama yupo aliyepima, hakuna aliyetuambia.

Tuanzie kwenye lugha. Sisi Watanzania tuna msemo ambao kila kiongozi anaujua kwa moyo: maji safi na salama. Umeandikwa kwenye sera, kwenye ilani, kwenye mabango, kwenye jiwe la msingi la kila mradi. Tumeusema mpaka tumeacha kuusikia. Lakini usikilize vizuri, una maneno mawili. Safi ni kile jicho linachokiona: maji meupe, hayana matope, hayana harufu. Salama ni kile jicho lisichokiona. Ukichota glasi ya maji meupe kama kioo, ndani yake wanaweza kuwemo bakteria wa kinyesi, na wewe, hata uwe na digrii tatu, hutawaona.

Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu ilianzisha mpango wa miaka 20. Ahadi ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila Mtanzania apate maji safi na salama ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Ilikuwa ahadi ya heshima, siicheki. Lakini tazama namna tulivyozoea kuipima tangu wakati ule. Tunahesabu mita, vituo vya kuchotea maji, kilomita za bomba na asilimia ya wanaopata huduma. Neno "salama" limebaki pale kama mgeni wa heshima, anakaa meza kuu na hapewi kipaza sauti.

Sasa kwa nini nimeumia zaidi na hili nikiwa Newala kuliko ningeumia Sinza? Kwa sababu ukitaka kujua maji ni nini katika maisha ya mtu, nenda kwa Wamakonde. Iko hadithi ya asili yao ambayo Mjerumani Karl Weule aliiandika alipopita Masasi na Newala mwaka 1906. Mtu mmoja aliishi peke yake porini, haogi wala hanyoi. Akachonga kinyago cha mwanamke, akakisimamisha, kulipokucha kikawa mke. Wakaenda mtoni Ruvuma wakaoga. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa maiti. Wakahama wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakapanda tena mpaka nyanda za juu, upande wa Mahuta, na wa tatu akaishi. Tangu hapo wazee wakausia: kaeni juu, mabondeni kwenye maji mengi kuna magonjwa na mauti.

Wazee hawa hawakuwa na darubini. Lakini walijua jambo moja: maji yanaweza kuua mtoto. Waliamua kukaa mbali nayo, na wanawake wao wakalipa gharama ya kuteremka na kupanda genge kwa vizazi na vizazi, mtungi kichwani.

Maana uwanda wenyewe haushiki maji. Ni mchanga. Mvua inanyesha, inazama moja kwa moja, inaenda kutokea kama chemchemi chini kabisa kwenye miguu ya uwanda. Ndiyo maana nyumba nyingi za huku zina matangi yaliyochimbwa uani kuvuna maji ya bati. Bibi analo moja, alilijenga marehemu babu kwa fedha za korosho.

Bomba lilikuja miaka ya 1950, enzi za mkoloni, kupitia shirika la maji la Makonde. Baadaye, kuanzia mwaka 1972 mpaka miaka ya 1990 mwanzoni, Finland ilimwaga fedha nyingi kwenye maji ya Mtwara na Lindi. Wazee bado wanawakumbuka Wafini na visima vyao vya pampu za mkono. Leo chanzo kikuu cha uwanda ni visima vya Mitema, kule bonde la Kitangari. Maji yanavutwa kutoka chini, yanasukumwa juu, yanaingia kwenye matenki, yanagawanywa kwenda Newala, Tandahimba na vijiji vingi. Na Makonde imo kwenye ule mradi wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, ambao mikataba ya ujenzi ilisainiwa mwaka 2022.

Nasema haya ili nisionekane mtu wa kulalamika tu. Kazi imefanyika. Kusukuma maji kupanda ukuta kama ule si mchezo. Kila mita 10 za kupanda zinadai takriban baa moja ya presha. Piga hesabu mwenyewe ya mita mia kadhaa, halafu ongeza bei ya umeme, halafu ongeza siku umeme unapokatika.

Na umeme ukikatika, pampu inasimama. Pampu ikiharibika, maji yanasimama. Maji yasipotosha, unaanza mgao: leo huku, kesho kule. Sisi watumiaji tunaona mgao kama usumbufu tu. Kumbe ndio mlango wa bakteria. Nivumilie nieleze, maana mimi mwenyewe sikujua mpaka niliposhika simu usiku ule wa kijiko na kuanza kusoma.

Bomba lenye maji yenye presha linajilinda lenyewe. Hata likiwa na tundu, maji yanatoka nje, uchafu hauingii ndani. Ni kama mtu anayepuliza filimbi. Huwezi kumtia vumbi mdomoni wakati anapuliza. Presha ikiisha, mambo yanageuka. Bomba linabaki tupu, wakati mwingine linanyonya. Maji yaliyoko kwenye udongo kando yake yanaingia kupitia tundu lile lile, na udongo wa mitaani kwetu una vyoo vya shimo, una zizi la mbuzi, una maji ya kufulia. Mpira wa bomba uliosahaulika ndani ya ndoo chafu nao unarudisha maji nyuma. Kisha siku ya tano pampu inawashwa, maji yanakuja kwa kasi, yanazoa kila kilichoingia pamoja na ule utelezi ulioota kwenye kuta za bomba kwa miaka. (Huujui utelezi huo? Ingiza kidole ndani ya dumu lako la zamani.) Na yale ya kwanza kabisa, ya rangi ya chai ya maziwa, ndiyo sisi tunayakinga kwa furaha saa nane za usiku.

Haya si mawazo yangu. India kuna miji pacha ya Hubli na Dharwad ambako sehemu moja ya wakazi ilipata maji saa 24 na nyingine iliendelea na mgao, yote kutoka chanzo kilekile. Watafiti wakapima bombani, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kwenye mitaa ya maji ya saa 24, sampuli zilizokutwa na bakteria wa kinyesi hazikufika hata moja katika 100. Kwenye mitaa ya mgao zilikaribia theluthi moja. Chanzo kimoja, dawa moja. Tofauti ilikuwa njiani.

Turudi kwa bibi. "Serikali imeshatia dawa." Dawa hiyo ni klorini, na bibi hakukosea kuiamini. Ni moja ya vitu vya bei nafuu vilivyookoa roho nyingi zaidi duniani. Lakini klorini ni kama nauli. Unaanza safari nayo mfukoni, kila kituo unatoa kidogo. Kila uchafu inaokutana nao unaitumia. Jua kwenye tenki lisilofunikwa linaitumia. Saa na siku zinaitumia. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauulizi tu ulitia dawa kiasi gani kule chanzoni. Unauliza imebaki kiasi gani inapofika kwenye koki ya mtumiaji: angalau miligramu 0.2 kwa lita. Na kuhusu E. coli, yule bakteria anayeishi matumbo ya watu na wanyama, mwongozo hauna "kiasi kinachokubalika". Katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja. Akionekana, maana yake mahali fulani njiani kinyesi kimekutana na maji yako. Palipopita huyo, kipindupindu na taifodi vinaweza kupita.

Je, ile dawa ya chanzoni ilikuwa na kitu kilichobaki ilipofika uani kwa bibi baada ya siku tano za bomba tupu? Swali rahisi sana. Jibu lake linapatikana kwa dakika chache: unachota maji kwenye kijichupa, unatia kidonge, unatazama rangi ya waridi imekolea kiasi gani, unalinganisha na kadi. Hakuna maabara, hakuna profesa. Kipimo cha E. coli ndicho kinahitaji joto la kudumu na kusubiri hadi siku nzima. Na kipo hata kile cha kichupa chenye dawa ambacho maji yakiwa na dalili ya kinyesi kinageuka cheusi baada ya siku moja au mbili, kikiwa kimewekwa tu mezani. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukifanya.

Kabla hamjasema naionea mamlaka ya maji, niwape na upande wa pili, tuchekane wenyewe. Masasi maji yanatoka kwenye chemchemi za Mbwinji, chini ya uwanda huu huu, yanahudumia Masasi na Nachingwea. Nilifikia gesti moja ambayo siitaji. Maji yalikuwa na ladha fulani hivi... ya historia. Nikamwomba kijana wa pale tupande tukaone simtenki. Mfuniko haukuwepo. Ndani kulikuwa na majani, kulikuwa na manyoya ya ndege, na kulikuwa na mjusi ambaye kwa namna alivyokaa alikuwa mwenyeji kuliko mimi. Kijana akasema, "Kaka, haya si ya kunywa, ya kunywa tunauza pale mapokezi, ya chupa." Na mswaki nilikuwa nimeshapiga.

Kwa hiyo hata maji yakifika kwenye mita yakiwa salama kabisa, safari haijaisha. Simtenki lisiloshwa tangu linunuliwe, dumu la mafuta ya kula, kikombe kimoja cha kuchotea kinachoshikwa na mikono kumi. Hapo hutamlaumu mhandisi.

Lakini angalia tofauti. Lile simtenki naweza kupanda nikaona. Bomba siwezi. Kwenye bomba namtegemea mtu mwingine anitazamie, na mtu huyo analipwa kwa ankara yangu. Ndiyo maana anadaiwa jibu.

Na tunajua kinachotokea jibu lisipotolewa. Mwezi Mei mwaka 2000, mji mdogo wa Walkerton kule Ontario, Kanada, ulinyeshewa mvua kubwa. Maji yenye mbolea ya ng'ombe yakaingia kwenye kisima cha mji. Dawa haikutosha. Waliokuwa wanasimamia maji walikuwa na kawaida ya kujaza daftari la klorini kwa kubuni. Majibu ya maabara yalipokuja yakionyesha bakteria, meneja aliyakalia, na watu wa afya walipopiga simu kuuliza, wakaambiwa maji hayana tatizo. Watu wapatao 2,300 waliugua katika mji wa watu wasiofika 5,000. Saba wakafa. Hiyo ni Kanada, ambako maji hayakatiki na maabara haziko mbali. Mashine zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema ukweli mapema.

Hapa kwetu tuna kumbukumbu zetu. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilizunguka nchi mpaka 2018, kikagusa watu zaidi ya 30,000 na kuua zaidi ya 500. Kila mlipuko tunafunga mamantilie, tunapiga marufuku matunda ya kukatwa, tunagawa WaterGuard. Mlipuko ukiisha tunarudi kwenye kuhesabu kilomita za bomba.

Nimewahi, katika kazi hii, kwenda kwenye ofisi moja ya maji (sitasema ya wapi, wala mkoa) kuuliza matokeo ya vipimo vya bakteria kwa mtaa mmoja tu. Nilipokewa vizuri, nikapewa soda. Nikapewa idadi ya wateja, kilomita za mtandao, makusanyo ya mwezi na picha za uzinduzi. Nilipouliza tena kuhusu vipimo, nikaambiwa kwa upole kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, yakitoka nje wananchi watataharuki.

Nataka nijibu hoja hiyo ya taharuki kwa heshima, maana inasemwa na watu wazima wenye akili. Mtu anayeambiwa "leo chemsha" hataharuki. Anachemsha. Taharuki ni ile ya zahanati saa tisa usiku. Na wananchi si wageni wa habari mbaya. Bibi yangu kila mwaka anapokea bei ya korosho na bado yuko hai.

Iko hoja ya pili, nzito zaidi. Binamu yangu mwenyewe aliniambia: "Kaka, nyie wa Dar mnapenda mambo. Wenzio hawana maji kabisa, wananunua kwa ndoo, wewe unauliza bakteria?" Hapa sina kejeli ya kujibu. Ni kweli, maji kidogo nayo yanaua. Mtu asiye na maji hanawi mikono, na mikono isiyonawa inaleta kuharisha kule kule. Ukinilazimisha kuchagua kati ya maji mengi yenye shaka na maji salama ya kikombe kimoja, sijui ningechagua nini.

Lakini nani katulazimisha kuchagua? Kinachokosesha maji na kinachoyachafua ni kitu kimoja: pampu inayosimama na bomba linalovuja. Ukiziba tundu, umeokoa maji na umefunga mlango wa bakteria kwa mara moja. Anayedai maji yatoke kila siku na anayedai yawe salama wanadai kitu kimoja, hawajajua tu. Na kidonge cha waridi si anasa ya Dar. Ni bei ya kipimo ikilinganishwa na bei ya mtoto.

Sasa nataka nini? Nisije nikawa kama wale wanaomaliza kwa kusema "serikali iangalie".

Nataka ubao. Kila kioski cha maji na kila ofisi ya mamlaka iwe na ubao wenye mistari mitatu: tarehe, klorini iliyopimwa kwenye koki ya eneo hili, na mara ya mwisho E. coli alipopimwa na alionekana au la. Kwa Kiswahili, kwa wino unaosomeka. EWURA hutoa taarifa za mwaka za mamlaka za maji, na ubora wa maji umo. Vizuri sana. Lakini asilimia ya mwaka mzima haimwambii bibi kitu kuhusu ndoo ya leo.

Nataka meseji. Ankara yangu inakuja kwa meseji, deni linakuja kwa meseji, tishio la kukatiwa linakuja kwa meseji. Mtandao uleule hauwezi kubeba maneno haya: "Maji yatarudi kesho baada ya siku tano. Mwageni ya kwanza mpaka yawe meupe. Chemsheni ya kunywa kwa siku mbili"? Na hayo ya kumwaga mteja asilipishwe, maana hakuna mtu atakayemwaga maji aliyoyalipia.

Vijijini, ambako tangu mwaka 2019 kazi iko chini ya RUWASA na vyombo vya watumia maji vya jamii, nataka kila chombo kiwe na mtu mmoja aliyefundishwa kile kipimo cha dakika chache, na shule ya kata iwe na vile vichupa vinavyogeuka vyeusi. Vijana wapime bomba la shule yao na waandike ukutani. Mnajua watoto, hawafichi kitu.

Na sisi wasomi wa mjini, tunaojua kudai bando likiisha mapema, tuna kazi yetu. Tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Andika barua ya mistari minne: mtaa wangu ni huu, naomba matokeo ya vipimo vya klorini na E. coli ya miezi mitatu iliyopita. Mimi yangu nimeshaipeleka. Siku 30 hazijaisha, nitawaambia kilichotokea, kiwe kizuri au kibaya.

Wakati tunasubiri, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Mwenye chupa safi ya plastiki angavu na maji meupe anaweza kuilaza juani saa sita kwenye jua kali. Hiyo nayo inasaidia. Kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na mdomo mdogo, si ndoo ya kuchovya kikombe.

Nilimwambia bibi haya yote siku ya kuondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Kisha akasema:

"Sawa mume wangu. Basi chemsha wewe. Na mkaa ununue wewe."

Nikakosa la kusema. Maana bibi, ambaye hajasoma sera yoyote, alikuwa amegusa kidonda chenyewe. Bomba lisipokuwa salama, gharama ya usalama haipotei. Inahama. Inatoka kwenye bajeti ya mradi, inaingia kwenye gunia la mkaa la mama wa Newala. Anayelipa ankara ya maji analipa tena kuyachemsha, na asiye na mkaa analipa kwa mtoto.

Mkaa nilinunua, magunia mawili. Nimeacha na paketi za dawa ya maji. Juzi nimepiga simu kusalimia. Amesema mtoto mzima, korosho zimeanza kutoa maua, na bomba halijatoka siku ya tatu leo. Kisha akauliza, "Wale watu wa maji wamekujibu?"

Nikamwambia bado, bibi.

Nawe je? Mara ya mwisho mamlaka yako ya maji kukupa namba yoyote isiyo ya deni ilikuwa lini? Niambie, na mtaa wako utaje.